Kijiti cha Mpeasi

Baba, Vojtěch, alitafuta maji kwa kijiti chenye panda
alichokikata kwenye mpeasi nyuma ya banda la sungura.
Kila kiangazi kijiji chetu cha Moravia kilimwita:
alitembea polepole juu ya majani makavu,
kijiti kikainama kama mbwa aliyenusa kitu,
naye akasema, "Hapa. Mita kumi na moja."
Malipo yake chupa ya pombe ya plamu, basi.

Mimi nilisomea miamba mjini Brno.
Nikarudi na mashine, ramani, na maringo.
"Baba, bonde hili lote limelalia maji.
Chimba popote, utalowa."
Akacheka. "Mbona kwa mzee Hrubeš
ulichimba pakavu, tena mara mbili?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na takwimu.

Tulimzika Machi, ardhi ikiwa bado ngumu.
Jioni ile nikakishusha kijiti juu ya kabati,
nikachungulia kwanza dirisha la jirani,
nikapita uani kama mwizi kwetu.

Karibu na kamba ya nguo kikainama.

Ni misuli. Najua ni misuli:
mkono uliochoka hujidanganya, vitabu vimeandika.
Nikarudi nyuma hatua tatu, nikapita tena.
Palepale.

Watu wakiniuliza kama naamini mambo hayo
huwa nasema hapana, upesi,
kama anayefunga mlango mvua isiingie.

Lakini pale karibu na kamba
sijapanda kitu. Wala sijachimba.