Sauti ya Akiba

Wanasema akiba haiozi.
Mimi niliyepiga pasi mashati ya jukwaani miaka ishirini na saba
nimeiona ikioza: orofa ya tatu, chumba namba kumi na moja,
dirisha likitazama mapipa ya taka na kipande cha anga ya London.

Humo alikaa Wilf Ackroyd, mtoto wa Halifax.
Mama yake ana duka la kufulia nguo, mashine tisa, mbili mbovu.
Umri ishirini na mbili, shingo ndefu, soksi zisizolingana,
na kazi yake ilikuwa kumngoja mtu mwingine augue.

Usiku mia mbili na kumi na moja
alivaa koti lililoshonwa kwa kipimo chake, lisiloshuka ngazi,
akaisikiliza tamthilia yote kwenye spika ya ukutani,
midomo ikienda, koo limefungwa,
kama mtu anayemeza mate kwa harufu ya jikoni kwa jirani.

Aliniambia, huku nikimkaza kifungo:
Nilikuwa mtoto wa kwaya. Nina miaka kumi,
wanaume wa kiwanda cha mazulia walilia kanisani,
nami nikadhani ni baridi.
Kisha Desemba moja, mbele ya askofu, katikati ya ubeti,
sauti ikaanguka kama sinia.
Mwalimu alifunga kitabu polepole. Hakunifokea.
Angenifokea, ningepona mapema.

Baada ya hapo chuo, na deni la chuo.
Tangazo la biskuti. Kwenye runinga alikufa mara mbili,
mara ya kwanza mtoni, mara ya pili chini ya kitanda.
Mama yake aliitundika picha ya ile maiti dukani,
juu ya mashine ya kuvunja noti,
wateja wapate kuuliza.

Jumanne ya Februari, saa kumi na moja jioni, simu ikalia:
Bwana Lucian Prewett, nyota wetu, ameamka hana sauti.
Nikashona pindo na pini mdomoni.
Chini wakachapa vikaratasi, wakavichomeka kwenye vitabu vya programu:
usiku huu nafasi hiyo itachukuliwa na.
Tangazo likasomwa. Watu elfu moja na mia mbili wakaguna.
Wilf akanitazama kupitia kioo, mweupe kama chaki.
"Angalau," akasema, "wanaguna kwa noti moja."

Sitasema mbingu zilifunguka.
Wimbo wa kwanza aliuimba kama anayevuka barafu.
Sehemu ya pili alisahau mstari, akabuni wake,
ukawa na vina kuliko ule wa asili.
Lakini ulipofika ule wimbo wa kwenye ngazi,
Gethin wa taa, Mwelsh asiyetazama kitu ila saa yake,
alisahau kuwasha taa ya bluu.
Basi Wilf aliimba gizani nusu dakika,
na hakuna aliyekohoa.

Mama yake alifunga duka, akapanda basi;
treni zilikuwa zimefutwa.
Alifika watu wakitoka, mvua ikinyesha.
Akamshika mmoja mkono: Yule wa badala, alikuwaje?
"Mzuri," akasema, akihangaika na mwavuli. "Mzuri sana.
Jina tu limenitoka."

Jumatano Bwana Prewett alirudi na chupa ya tangawizi.
Wilf akarudi chumba namba kumi na moja.

Sasa yuko kwenye meli ya watalii, pande za Norwe,
anawaimbia wastaafu wanaokula kamba.
Postikadi yake inasema koo li salama na chumba hakina dirisha.
Mwezi ujao ana usaili; hasemi wa nini, nami siulizi.

Kile kikaratasi ninacho, ndani ya kopo la pini.
Kimetoboka mahali pa herufi ya kwanza.

Chumba kina kijana mwingine, anatoka Norwich.
Jana aliniuliza nani amechora chini ya rafu
211 + 1.
Nikamwambia: simama wima, utalikunja koti.