Pale Pasipoitikiwa

Saa tatu kasoro robo, Valga, darasa la fizikia.
Dirishani theluji ya Machi imechakaa
kama kitambaa cha kufutia ubao,
na roboti yetu, ndogo kuliko mkate wa rai,
imegoma katikati ya sakafu.

Tumebadilisha betri. Tumepuliza vumbi.
Raigo kaipiga kibao, kibao cha mapenzi, anadai.
Liivika kapiga magoti, kaielekezea simu:
"Mwalimu, njoo!"
Na kweli, kiooni mwa simu, chini ya pua ya roboti,
vitaa viwili vinawaka zambarau,
vitaa ambavyo macho yetu matupu, kwa kiburi chao chote,
yaliapa kwamba vimezimika.

Basi nikawaeleza. Infraredi, mwanga ulio chini ya wekundu,
jamaa wa joto la jiko, jamaa wa rimoti
mnayogombania nyumbani.
Roboti huutuma sakafuni kama mtu apigaye hodi.
Sakafu nyeupe hujibu, karibu!
na roboti hukata kona haraka
kama mdeni aliyesikia jina lake.
Tepu nyeusi haijibu kitu.
Hapo ndipo inapopita,
juu ya kimya, mwanzo hadi mwisho.

Ģirts, anayevuka kutoka Valka kila asubuhi,
nchi nyingine, hatua mia mbili, hakuna wa kumuuliza pasi,
akasema: "Shangazi yangu anaukumbuka uzio.
Nao ulikuwa hivyo. Unapiga hodi, kimya."
Darasa likatulia.
Kisha Raigo akapiga chafya, tukaendelea.

Nambari zilikuwa hizi:
kwenye nyeupe, thelathini na sita.
Kwenye nyeusi, mia tisa na kumi.
Leo, kote kote, thelathini.
Nyeusi nayo imejifunza kuitika?

Ni Liivika aliyegeuka kutazama dirisha.
Jua. Jua la chini, la kimshazari,
lililomiminika hadi miguu ya madawati
na mwanga uleule usioonekana,
sakafu nzima ikipiga kelele karibu, karibu, karibu,
na mgeni wetu hajui aingie mlango upi.

Tukaishonea sketi.
Boksi la maziwa, mkasi, gundi, wino mweusi.
Ilipendeza vibaya sana.
Chini ya sketi kukawa usiku mdogo,
na roboti ikaguna, ikatikisika, ikaenda:
ikapinda penye kabati, ikapinda penye ndoo,
ikafika mlangoni tepu ilipoishia,
pale Liivika aliposimama na buti lake jeusi.

Haikuona kizuizi.
Ikaligusa buti, ikarudi kidogo, ikaligusa tena,
magurudumu yakizunguka pale pale.

Kengele ikalia.
"Ondoa mguu," nikasema.
"Ngoja, mwalimu," akanong'ona, hata hapumui.
"Inadhani mimi ni barabara."