Kanda la Usufi

Saa saba mchana, na dirisha la Kiruna limeshakuwa jeusi.
Baba kaketi mbele ya skrini, miwani puani,
mkono kwenye wenzo wa plastiki
niliomnunulia kwa bei ya viatu.
Miaka thelathini na mmoja aliteremsha mawe ya chuma
kutoka mgodini hadi bandari ya Narvik,
mabehewa sitini na nane, tani elfu nane na ushei;
na mimi bintiye, kazi yangu ni kuandika treni
zisizo na uzito hata wa unyoya.

"Haya, Ylva." Akasukuma wenzo.
Treni ikaondoka.
Akacheka hadi kikohozi kikamshika.
"Imeondoka yote! Kichwa na mkia, papo kwa papo,
kama rula mezani!"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Sikujua kwamba nimekuwa nikilishona kanda lenyewe.

Akaenda ukumbini, akarudi na mnyororo
wa mbwa wetu aliyekufa,
akaulaza mezani kwa mikunjo, akavuta pete ya kwanza.
"Sikiliza."
Ka.
Ka. Ka.
Ka.
"Kila pete huamshwa na jirani yake.
Behewa la mwisho hupata habari likiwa bado linaota.
Na breki ni hewa, mwanangu, na hewa ina miguu:
lazima ikimbie bomba zima.
Ukiwa na pupa, ukabana, ukaachia, ukabana,
bomba halijajaa,
utabaki umeshika wenzo mtupu
na mlima wote unakusukuma mgongoni."

Nikamuuliza, magurudumu yakianza kuteleza
ulijuaje kabla taa haijawaka?
"Kwa matako," akasema, bila haya. "Kiti hunong'ona."
Nikaandika daftarini: *matako*.
Nikapigia mstari.

Miezi minne nikabomoa nilichojenga.
Kila behewa nikalipa uzito wake na ukaidi wake,
kila kiungio nikakipa ulegevu wa vidole vitatu,
reli nikaipaka barafu, na chini ya gurudumu la mbele
nikamwaga mchanga, punje kwa punje, kwa hesabu.
Kompyuta ikahema kama mgonjwa.
Usiku mmoja treni nzima ikaruka angani
kwa ajili ya alama ya kutoa niliyoisahau,
ikaelea juu ya milima, mabehewa yakizunguka,
nami nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Aprili akaketi tena.
Safari hii hakucheka.
Ka, ka, ka, ikapita nyuma yake, ikififia,
na mabega yake yakabadilika, yakashuka,
yakawa ya mtu niliyemjua nikiwa na miaka sita.

Baada ya mpaka wa Norwe, kwenye kona, akapiga honi.
Skrini haikuwa na kitu: theluji, nguzo, theluji.
Akavuta breki yote.
Tukangoja.
Treni ikalia, ikaenda, ikalia, ikazidi kwenda,
ikaupita mti, ikaipita nguzo, ikaenda
kama mtu aliyekwisha kusikia lakini hawezi,
ikasimama.
"Mita mia tisa na arobaini," akasoma. "Ndiyo."

Ndipo akaniambia ambalo mama hakuwahi kulisikia:
kulungu wa kaskazini, wale wafugwao na Wasami,
walipanda relini kwa kuwa theluji ya pembeni iliwashinda.
Aliwaona mapema.
Alikuwa na muda wa kuwahesabu.

"Niwaweke, baba?"
"Usiwaweke. Umbali unatosha."

Akaachia breki.
Kuna kitufe cha kuharakisha muda, wachezaji wote hukitumia.
Nilimwonyesha. Hakukigusa.
Alikaa, midomo ikihesabu bila sauti,
akiingojea hewa
ilifikie behewa la sitini na nane.