Rehani

Machi, Kutaisi. Theluji bado imekalia paa.
Tsiuri anamimina mbegu kiganjani:
nyeusi, ndogo kama viroboto,
zimelala miaka mitatu kwenye bahasha ya bili ya umeme
yenye mwandiko wa Otari: *za zambarau, za dirishani*.

Kwao mrehani huitwa rehani.
Mimi, kwa lugha yangu, nikilisikia neno hilo
naona pete juu ya meza ya mkopeshaji.
Tsiuri aliiweka yake, mwaka ule wa dawa.
Hakuikomboa.

Anajaza udongo kopo la jibini,
anazinyunyiza juu juu, hazifukii,
maana mbegu hizi hutaka kuuona mwanga.
Kufikia jioni kila moja imevaa ute wa kijivu,
jicho la samaki, jicho la samaki, kopo zima linamtazama.

Udongo hauandiki stakabadhi.
Siku ya nne, kimya.
Ya saba, ukungu mweupe pembeni, anaukwangua kwa kijiko.
Nanuli wa ghorofa ya chini anachungulia:
"Si ununue sokoni? Fungu lari moja."

Ya kumi na moja anatafuta miwani,
anaivaa, anaivua, anaifuta kwa upindo wa gauni.
Kimoja.
Vijani viwili, kila kimoja nusu duara,
na kiganda cha mbegu kingali kimening'inia
kama kofia ya mtu aliyetoka mbio.

Hasemi kitu. Analigeuza kopo lielekee jua,
anakigusa kwa ncha ya kidole,
ananusa kidole.
Hakinuki chochote bado.
Ananusa tena.