Pumzi ya Wizi

Gari langu linahema tangu Jumanne.
Nikisimama kwenye taa za Foleshill Road
mshale unapanda, unashuka, unapanda,
kama mtu aliyeamshwa na simu usiku wa manane
ambaye bado hajaambiwa ni nani.
Taa ya injini, rangi ya bizari,
imenikodolea macho.

Gereji ya chini ya daraja wametaka pauni mia tatu na themanini.
"Kuanzia," akaongeza kijana,
akijifuta mikono kwa kitambaa kisafi kuliko maneno yake.

Mimi huizunguka Coventry na funguo kumi na moja za nyumba za watu.
Nawageuza, nawaogesha, nawahesabia vidonge.
Nalipwa dakika za ndani.
Za barabarani ni sadaka.

Basi Jumapili nikafungua boneti mwenyewe.
Mvua imekatika, lami inatoka jasho baridi.
Mwanangu Fadhwila kashika tochi
kwa uso wa mtu aliyeahidiwa hela.

Nikakata hosipaipu urefu wa mkono:
ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye ngurumo.
Ndivyo ninavyomsikiliza Bwana Ormerod kila alfajiri
kabla sijamsemesha, kama filimbi imo kifuani.
Na injini inayo.
Sss,
kama mtu aliyetafuna pilipili mbele ya wakwe.
Lakini wapi? Nikiifuata, inahama.
Sauti ndani ya chuma ni umbeya tu,
kila kiungo kimeisikia,
hakuna kilichoianzisha.

Nikanyunyiza maji ya sabuni, mpira kwa mpira,
nikingoja ngurumo ibadilike.
Haikubadilika.
Vidole vikafa ganzi.
Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema ufa wenyewe utautafuta saa tatu nzima,
kiuno juu, kichwa chini,
mtaa wote ukikutazama.

Nikaingia ndani, nikatoka na udi.

"Mama, usifanye hivyo."
"Nimeshafanya."

Injini nimeizima, imepoa kama jiwe.
Kaa moja la moto, udi kidogo,
kopo la maziwa lenye matundu mawili,
pampu ya godoro la wageni.
Koo la kuvutia hewa nimeliziba kwa glavu ya kazini,
nikaifunga kwa kibana nywele cha Fadhwila,
nikapenyeza kimrija, nikaanza kupiga pampu kwa mguu.

Pauline wa namba kumi na nne akatoka na kikombe chake.
"Mnafanya nini hapo?"
"Tunaifukiza. Inaolewa."
Akanusa. Akanywa chai. Hakuondoka.

Glavu ikavimba, vidole vitano vya samawati
vikanyooka taratibu, vikitupungia.
Kisha Fadhwila, aliyekuwa amechoka,
aliyekuwa amesahau kuchoka, akasema:
"Pale."

Uzi.
Uzi mmoja mweupe
nyuma ya manifoldi, mahali ambapo jicho haliendi,
ukipanda bila haraka kutoka kwenye mpira uliopinda kama goti.
Nikazamisha mkono hadi kiwiko.
Ukanivunjikia kiganjani kama andazi la juzi.

Miaka kumi na tisa umekaa karibu na moto
na juu ulikuwa unang'aa.

Mpya ni pauni saba. Nikaupachika kwa mate na matusi.
Nikawasha.
Mshale ukatafuta, ukayumba,
ukakaa.
Pauline akasema sasa linapumua kama Mkristo.
Nikamwambia aliulize kwanza.

Uko uzi wa pili.
Mwembamba zaidi, kwenye gasketi; niliuona, Fadhwila hakuuona.
Huo nimeuachia mwisho wa mwezi.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nikafungulia hita.
Gari zima likanukia harusi
hadi mlangoni kwa Bwana Ormerod,
dakika ishirini na sita,
bila malipo.