Usiinyooshe

Riziki Kihiyo kaja na kamera ndani ya sufuria,
kaifunika kanga kama anayepeleka mchuzi kwa jirani.
"Fundi Singano, kanda zangu zote zinanyesha."
Saa saba mchana, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
mbu wenyewe wamejificha kivulini.
Mimi mvua siijui. Najua chenga.

Nikaanza na upuuzi, maana magonjwa mengi hulala humo.
Betri imevimba kama andazi: weka kando, chomeka ukutani.
Swichi iko kwenye kurekodi au kuonyesha?
(Usicheke. Mtu alipanda basi kutoka Pangani kwa ajili ya swichi.)
Waya wa njano kwenye njano,
mweupe na mwekundu wagawane sauti.
Tone la maji likamulika kwenye kioo. Sikushangaa,
hapa Tanga hata chumvi hulia koponi.
Nikailaza usiku kucha kwenye ndoo ya mchele.
Asubuhi mke wangu akauliza, leo tunapika kamera?

Siku ya pili, kichwa.
Usikifute kwa pamba, pamba huacha nywele zake.
Ngozi laini, spiriti matone mawili,
mkono utulie, kichwa ndicho kizunguke,
na usipandishe wala usishushe, utakivunja.
Ukatoka uchafu wa rangi ya kahawa.
Nikaipeleka kanda mbele hadi mwisho,
nikairudisha hadi mwanzo, ilegee, isahau kulala.

Chenga.
Na chini ya kioo mstari uleule, kama upindo wa shuka.

Nikatia kanda yangu ya majaribio,
mechi moja ya Mkwakwani nimeitazama mara mia:
safi! Hata jasho la kipa unaliona.
Basi mashine nzima, kanda mbovu.
Lakini kanda kumi na moja, zote,
na mstari mmoja?
Ugonjwa gani huo wenye adabu hivyo?

"Iliwahi kuanguka?"
"Ilianguka. Harusini Muheza, kutoka juu ya kinu,
mwezi uleule kaka Semboja alipoinunua.
Ila fundi wa Chumbageni aliinyoosha, mwaka juzi."

Nikavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.
Pembeni mwa kichwa pana vinguzo viwili
vinavyoishika kanda ipite sawa,
na kwenye skrubu ya kimoja, mkwaruzo mpya unang'aa.
Nikacheka peke yangu.
Miaka yote ile kamera iliandika upande,
ikajisoma upande, ikaelewana na nafsi yake,
mpaka mtu mwema akaja na bisibisi.

Bwana, nimetengeneza redio, pasi, feni za msikiti,
sijawahi kulipwa kurudisha kosa.
Robo. Nusu ya robo. Unywele.
Mstari ukashuka, ukatoka nje ya kioo
kama mgeni aliyekumbuka adabu.

Ua la nyuma, Makorora. Mwanamke juu ya mbuzi, anakuna nazi.
Hatazami huku. "Semboja, umewasha?"
Na nyuma ya kamera, sauti ya kijana:
"Bado, mama."
Naye alikuwa amewasha.
Mama akapangusa pua kwa kiwiko, akaendelea kukuna,
akamsema jirani mmoja hivi kwa jina na ukoo,
dakika nne nzima.

Semboja mwenyewe hayumo, hata kanda moja.
Riziki alikuwa ameinama karibu na spika,
si karibu na kioo.
"Rudisha," akasema. "Hapo kwenye bado."
Nikarudisha mara tatu. Ya nne nikakataa:
kanda hii huchakaa kwa kupendwa.
Tukazinakili zote kwenye kompyuta ya mwanangu,
umeme ukakatika mara mbili, tukaanza upya mara mbili.

Kisha nikakata plasta nyeupe, nikaibandika chini ya kamera,
nikaandika kwa kalamu ya wino mzito:
Fundi mwenzangu, usiinyooshe.