Akiba ya Theluji

Machi, mashindano yakiisha,
Inkeri Vuoksela huagiza matingatinga
yasukume theluji yote iwe kilima kimoja
nyuma ya uwanja,
kisha waifunike vumbi la mbao,
unene wa mkono mzima, kiganja hadi bega.
Hapo italala kiangazi chote
kama mgonjwa aliyekatazwa kutoa jasho.

Akiba haiozi, tunasema.
Hii haiozi, kweli. Inavuja.
Kila Jumatatu anakuja na fimbo ya chuma,
anachoma kilima hadi igote,
anaandika daftarini: imebaki hivi.

Miaka ishirini na mitatu,
na mama yake bado huwaambia majirani
Inkeri anazoa taka za wanamichezo.
Hakosei sana.
Alianza Tampere, kwenye mbio za barabarani,
akihesabu vikombe vya karatasi
elfu kumi na nne mia mbili na sita,
ingawa mkubwa wake alitaka takriban,
na neno hilo yeye halimpiti kooni.
Wakampa cheo, kadi ya kifuani,
viwanja vya miji asiyojua kuitamka.
Akabishana na watu wa jenereta,
na wauza soseji,
na mfadhili aliyetaka fulana elfu tisa za kijani
zilizoandikwa Tunza Dunia,
zishonwe ng'ambo, ziletwe kwa ndege.
Fulana hazikuja.
Mfadhili naye hakurudi.

Yeye mwenyewe amepanda ndege
kwenda kuwaambia watu wasipande ndege.
Hilo lipo ukurasa wa mwisho wa daftari,
kwa penseli, safari kwa safari.
Ukurasa huo hajamwonyesha mtu.

Novemba wanafunua.
Theluji ni ya kijivu, ngumu, inanuka msonobari;
ndani yake glavu moja nyekundu ya mtoto,
ya mwaka jana.
Mvua inanyesha. Novemba, mvua!
Pauli wa tingatinga anatandaza kilichopo:
utepe mweupe katika msitu wa kahawia,
upana mita sita,
urefu umepungua mita mia mbili na arobaini.

Mkurugenzi anapiga simu.
Malori yaende kaskazini, yalete nyingine?
"Fupisheni mbio."
Kimya. Kisha: "Watu wa televisheni niwaambie nini?"
"Kwamba tumekimbia juu ya iliyopo."

Jumamosi wanapita, wakihema moshi,
namba thelathini na moja mbele,
msichana, mabega yamelowa,
anateleza juu ya mwaka jana bila kujua.
Inkeri yuko kwenye uzio. Hapigi makofi,
mfukoni ameishika ile glavu.

Mwandishi mmoja kijana anamsogelea:
mtaweza hivi kwa miaka mingapi zaidi?
Anafungua daftari.
Anapekua, anarudi nyuma, anapekua tena.
"Takriban," anasema,
kisha anakohoa.